Kutafakari kando ya mfereji wa kihambani

Mkaa Mlimani:
Habari zenu, ndugu zangu. Naishi Marangu, Kilimanjaro, katika kihamba cha familia, yaani shamba letu la urithi linaloizunguka nyumba, ambamo mfereji wa jadi wa kumwagilia hupita katikati ya migomba na mibuni, na kwa mwezi mmoja sasa nimekuwa nikiketi kando yake kila alfajiri kwa dakika 20 ili nijizoeze kutafakari. Nimeelezwa kwamba natakiwa kuyasikiliza maji tu, lakini pumzi kumi hazijatimia, fikra zimeshafika kwenye ada za watoto. Tena maji yenyewe huja kwa zamu. Ikiwa ni zamu ya jirani wa juu, mfereji wetu hukauka. Je, siku hizo nifanyeje?

Mtunza Bustani:
Ndugu, fikra kuhama si dalili kwamba umeshindwa. Jon Kabat-Zinn, Mmarekani mwalimu wa kutafakari, alipoanzisha mafunzo yake huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, wengi wa aliowapokea walikuwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, na hakuwataka wazizuie fikra, bali watambue kwamba zimehama, kisha wazirudishe bila kujikaripia. Usiusikilize mfereji wote. Chagua mahali pamoja, pale maji yanapopiga jiwe, ufuate jinsi sauti inavyokuwa nzito, kisha nyembamba, kisha nzito tena. Ada zikikujia, sema moyoni "ada", halafu urudi kwenye jiwe. Kwangu mimi, kurudi huko ndiko zoezi lenyewe.

Mwalimu Mstaafu:
Kuhusu siku za ukavu, Wajapani wana kitu cha bustanini kiitwacho suikinkutsu: mtungi wenye tundu kitakoni, uliofukiwa kifudifudi karibu na mahali pa kunawia mikono. Maji hupenya tunduni tone kwa tone, yakaangukia maji machache yaliyotuama ndani, nao mtungi ukalia kama kengele. Anayesikiliza hulazimika kungoja, na kile kimya cha kati ya tone na tone hukisikiliza pia. Kwa hiyo usiliache zoezi siku ya zamu ya jirani. Keti palepale, uzingatie harufu ya udongo mbichi na namna masikio yanavyoyatafuta maji. Ila wakati wa masika usikae ukingoni kabisa, maana udongo hulegea.

Mkaa Mlimani:
Asanteni sana. Leo haikuwa zamu yetu, nami niliketi hata hivyo. Baada ya muda nikayasikia maji kwa mbali, yakiingia kwenye migomba ya jirani.