Lodge ya Dodoma imenilipisha vyumba viwili kisa mimi na baba yangu mzazi ni "wanaume wawili"

Wakuu, nimekaa siku tatu nikisubiri hasira ziishe ndipo niandike. Hazijaisha.

Wiki iliyopita nilimpeleka mzee wangu kliniki Benjamin Mkapa. Tulitoka Kondoa na gari la mchana, tukaingia Dodoma giza limeshaanza. Mzee ana miaka 74, goti moja halikunji, na usiku huamka mara tatu au nne kwenda msalani, lazima mtu amshike mkono. Ndiyo maana nilipiga simu mapema kutafuta chumba cha vitanda viwili pande za Makulu, ili asubuhi tusihangaike kwenda hospitali. Kwenye simu nikaambiwa kipo, elfu thelathini, chai ndani, maji ya moto ndani.

Tukafika. Dada wa mapokezi akatoa kitabu cha wageni, nikajaza jina, kabila, ninakotoka, ninakokwenda, namba ya NIDA. Hapo sina ugomvi. Nikampa mzee kalamu naye ajaze, dada akainua kichwa: "Mnalala wote?" Ndiyo. "Wanaume wawili hawalali chumba kimoja, kaka."

Nikadhani anatania. Nikamwambia huyu ni baba yangu, vitambulisho hivi hapa, jina langu la kati ndilo lake la kwanza, na kadi ya kliniki hii. "Ni taratibu za bosi." Basi bosi apigiwe simu. Hapatikani. Akaninyooshea karatasi iliyobandikwa ukutani: HAIRUHUSIWI WANAUME WAWILI CHUMBA KIMOJA. Nikamuuliza, sasa hicho chumba cha vitanda viwili mmewawekea akina nani? Akacheka kidogo. Nadhani hata yeye hajui.

Muda wote huo mzee ameegemea kaunta. Mwisho akasema, "Lipa mwanangu, miguu imekwisha." Nikalipa. Na bei nayo si thelathini tena, ni arobaini kila chumba kwa kuwa "Bunge linaendelea". Wabunge wako kwenye bajeti tangu Aprili, nilipopiga simu juzi yake walikuwa wapi? Elfu themanini imetoka kwenye hela ya vipimo.

Mzee kapewa namba 4, mimi namba 11, mwisho wa korido kule. Vya karibu eti vimejaa. Nikachukua kiti cha plastiki, nikakaa mlangoni kwake na blanketi mabegani hadi asubuhi. Anayeujua usiku wa Dodoma mwezi wa 6, na ule upepo wake, atanielewa. Chumba nimekilipia, godoro sijaligusa.

Na ni kwenye kiti hicho nilipoyaona maadili ya nyumba ile. Namba 5 ilifunguliwa na kufungwa mara tatu kabla ya saa 6 usiku, kila mara watu wengine, na sikuona hata mmoja akisogezewa kitabu. Shoti taimu ruksa. Mzee wa miaka 74 na mwanawe ndio hatari.

Dada yangu anayekaa Ipagala alileta uji wa mzee saa 2 usiku. Kazuiwa getini, mwisho wa kutembelewa ni saa 12 jioni, na chakula cha nje hakiingii. Jiko lenu je? Limefungwa. Nikaipokelea chupa ya uji kwenye upenyo wa geti kama mtu anayepitisha magendo.

Hita ipo ukutani, taa nyekundu inawaka vizuri kabisa, maji yanatoka baridi. Mlinzi ndiye aliyemchemshia mzee nusu ndoo kwenye jiko lake la mkaa, Mungu ambariki, maana ndiye mtu pekee niliyemwona pale. Chai yao inaanza saa 2, sisi saa 1 na nusu tunatakiwa tuwe hospitali. Nikaomba tufungiwe mkate na yai. Hawafungi. Risiti nayo, mashine mbovu.

Najua kuna watakaokuja kuniambia wenye lodge wanaogopa nini. Hata mimi najua. Ila mtu kaweka NIDA mbili mezani na mgonjwa amesimama mbele yako, unataka uthibitisho gani tena? Dodoma imekuwa jiji tangu 2018, watu wanatoka Singida, Manyoni, Mpwapwa kuja kutibiwa, na wengi wanasindikizwa na watoto wao. Wa kiume wakiwemo.

Tunarudi kliniki baada ya wiki nne. Mwenye kujua lodge inayolaza baba na mwanawe chumba kimoja aweke mtaa na bei. Mzee yeye anasema safari ijayo atakuja na mama, eti wao watapewa chumba bila maswali. Mama haoni vizuri usiku.