Makumbusho ya Majimaji, Songea: niwapeleke darasa la sita?

Mwl_Mbinga:
Habari za jioni, wakuu. Nafundisha shule ya msingi huku Mbinga. Tunataka kuwapeleka watoto wa darasa la sita Makumbusho ya Majimaji, ila mzazi mmoja amegoma. Anasema kumwonyesha mtoto kaburi la watu walionyongwa ni kumtia woga bure. Mliopelekwa mkiwa wadogo, mlitoka na nini?

Binti_Matogoro:
Shikamoo mwalimu. Mimi nilipelekwa nikiwa la tano. Darasani miaka ya Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907, tuliikariri kama tebo ya saba, basi. Kule muongoza wageni alitusimamisha kwenye kaburi la pamoja, akatusomea majina ya walionyongwa Februari 1906. Koo zilezile za kwenye rejista yetu! Vicheko vikakatika.

Woga? Mimi sikuota ndoto mbaya. Jioni nilimbana bibi kwa maswali mpaka akaweka ungo chini. Mama yake alikuwa mtoto vita vilipopiganwa. Risasi hakuzitaja sana. Alitaja mashamba na maghala yaliyochomwa na Wajerumani, na watu kuchimba mizizi porini. Kumbe njaa ndiyo iliyoua wengi. Habari hizo alikuwa nazo miaka yote, hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo mwalimu, wape kazi ya kuuliza wazee nyumbani. Hapo ndipo ziara inapoanza, kwa maoni yangu.

Kaka_Lizaboni:
Naongezea: msiwanakilishe mabango. Mwalimu wetu alitaka kila neno liingie daftarini (na alisahihisha!). Nilitoka na kurasa nne na sikumbuki nilichokiona.

Na msiiache habari ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa pia, ambaye mji umebeba jina lake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja pale pale, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta. Mtoto wa la sita ataelewa haraka kwamba jambo lenyewe bado halijaisha.

Mwl_Mbinga:
Marahaba, binti. Ahsanteni wote. Daftari zitabaki shuleni. Na yule mzazi nitamwomba aje nasi, nafasi kwenye basi ipo. Tufikirie wiki ya mwisho ya Februari?

Binti_Matogoro:
Hapana, mwalimu. Tarehe 27 ndiyo kilele cha kumbukizi: ngoma, viongozi, umati. Watoto wataona migongo ya watu tu. Nendeni Machi, asubuhi.