Naomba ushauri: nataka kutafiti seli shina za saratani ya ubongo

Wakuu shikamooni. Nipo Mbeya, nina digrii ya maabara, kutwa nzima ni BS (kupima damu kwa darubini) za malaria tu ila kichwani nawaza glioblastoma, ule uvimbe wa ubongo wanakata, wanapiga mionzi, unarudi tena maana seli shina zake, zile zinazozaa seli mpya za uvimbe, ni ngumu kufa, halafu zinavyotumia sukari ndo balaa, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliliona hili la sukari kwenye saratani tangu miaka ya 1920. Nimeandikia maprofesa sita wa nje, kajibu mmoja, eti una uzoefu wa kukuza seli? Sina, inkubeta yetu ni ya kuotesha bakteria.

Sasa nianze masters hapahapa bongo au nitafute kwanza mafunzo ya kukuza seli? Na nisome baiokemia au sayansi ya ubongo? Mzee anasema nikalime viazi Umalila, sio utani.