Re: Kuchagua mada ya tasnifu ukiwa mbali na Bukavu

Mdogo wangu,

Umeandika kwamba mwalimu anayekusimamia huko Ubelgiji anataka utafiti wa kimaelezo, na kwamba unafikiria kuandika juu ya "vita na wanawake wa Kivu". Ninakuomba uiache mada hiyo. Uzito inao, lakini ni pana mno kwa tasnifu ya mwaka mmoja, na wanawake walionusurika ukatili wa kingono katika eneo letu wamehojiwa na watafiti, waandishi wa habari na mashirika tangu muda mrefu kabla Dkt. Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi hajapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Kumfungulia mtu jeraha lake kwa simu, pasipo mshauri aliye karibu naye, ni jambo ambalo kamati ya maadili ya chuo ina kila sababu ya kulikataa.

Mimi ningeanza na watu, ndipo nitafute mada. Ni nani Bukavu atakayepokea simu yako hata mara ya tatu, akazungumza bila kujihatarisha? Tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwezi Februari 2025, swali linalogusa utawala, kodi au askari linaweza kumponza anayelijibu, hali wewe unayeuliza umeketi Ulaya salama.

Umetuambia kwamba mama yako mdogo anauza vitenge katika soko la Kadutu. Hapo ndipo ninapoiona mada. Benki zilipofunga milango, likelemba ilizidi kuwa tegemeo: kila mama hutoa kiasi kilekile, na aliyefikiwa na zamu huondoka na kitita chote. Sasa fikiria mwanachama aliyekwisha kupokea, kisha akakimbilia Uvira au Bujumbura kabla wenzake hawajapata. Je, deni lake linabebwa na nani? Mgonjwa anaruhusiwa kuruka foleni? Nani husema neno la mwisho? Hakuna hojaji ya kuweka alama ya vema itakayokupa majibu ya maswali hayo. Yanahitaji mtu asimulie, nawe umsikilize bila haraka. Kwa hiyo swali lako lingeweza kuwa: wauza vitenge wa Kadutu huamuaje zamu za likelemba, na hufanya nini mwenzao anapouhama mji?

Msimamizi akisema kwamba swali ni dogo, mweleze kwamba udogo huo ndio utakaokuwezesha kuchimba. Kuhusu idadi ya wahojiwa, upo utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliotokana na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, ulioonyesha kwamba mada karibu zote zilikuwa zimejitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Hiyo si sheria, kwa kuwa kundi lenye watu wa namna nyingi huhitaji zaidi, ila inakupa pa kuanzia.

Mama yako mdogo akufungulie mlango, lakini asikuchagulie wote wa kuhojiwa, maana atakupeleka kwa rafiki zake, na mwanachama anayedaiwa naye hataweza kukataa wala kusema kweli mbele yake.

Kaka yako, Leuven

———

Ndugu zangu,

Ninaunga mkono ushauri wa kaka, na ninaongeza mambo ya utekelezaji. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, inaihesabu sauti ya mtu anayetambulika kuwa taarifa binafsi. Kwa hiyo andika mapema utaihifadhi wapi, nani ataisikia na utaifuta lini, na orodha ya majina ikae mbali na maandishi ya mahojiano. Mtumie mhojiwa unite za simu (salio la kupigia) kabla ya kumpigia, ili kuzungumza nawe kusimgharimu. Usimpige akiwa mezani sokoni, kwani wateja na majirani wanasikia. Mwache achague saa. Bukavu na Ubelgiji hufuata saa ileile wakati wa kiangazi, na majira ya baridi Bukavu hutangulia kwa saa moja. Tenga pia muda wa kunakili: saa moja ya mazungumzo yanayochanganya Kiswahili, Mashi na Kifaransa inaweza kukuchukulia siku nzima, na kazi hiyo usimwachie mtu mwingine, kwa sababu uchambuzi huanzia hapo.

Dada yenu wa Lubumbashi, sasa Liège