Nafasi ya uuguzi Gelsenkirchen, chumba Witten: nitawahi zamu ya saa 12 asubuhi?

Chausiku_N aliandika:

Habari zenu ndugu. Naomba msaada kwa mnaoijua Ruhr, Ujerumani. Nimepata nafasi ya mafunzo ya uuguzi kwenye hospitali iliyoko Buer, Gelsenkirchen. Naanza Oktoba, na zamu ya asubuhi inaingia saa 12 kamili.

Chumba nimepata Witten. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mcheshi, amenitembeza kwa video chumba chote, bei naimudu, na dirishani mto unaonekana. Kwenye ramani naona kijivu kitupu kuanzia Duisburg mpaka Dortmund, hakuna shamba wala msitu wa maana katikati, kwa hiyo nikachukulia huo ni mji mmoja mkubwa. Nimepima kwa simu, Witten hadi Buer ni kilomita 25 hivi. Nikajiambia nitapanda treni moja, nishuke, basi.

Ila mdogo wangu amenitia wasiwasi, anasema niulize kwanza kabla sijatuma hela. Halafu kuna jambo jingine: ukutani kuna ufa mrefu, umeanzia juu ya mlango mpaka darini. Nilipomwuliza bibi alicheka akasema "huo ni mgodi". Sikumwelewa. Kuna mgodi chini ya chumba changu?

Mzee_wa_Karakana alijibu:

Hongera kwanza, binti. Pili, hela usitume.

Mimi nina miaka 11 huku, niko karakana ya tramu, na nilipofika ramani ilinifanyia hivyohivyo. Kijivu ni kimoja, lakini ndani yake mna miji na manispaa 53, watu zaidi ya milioni 5, na kila mji una meya wake na kiburi chake. Usitafute katikati ya Ruhr, haipo. Hata jimbo limeigawa vipande vitatu kiutawala: Witten yako iko chini ya Arnsberg, Gelsenkirchen chini ya Münster, Essen chini ya Düsseldorf, na katika miji hiyo mitatu yenye ofisi hakuna hata mmoja ulio ndani ya Ruhr yenyewe. Buer nayo ilikuwa mji wake hadi 1928 ilipounganishwa na Gelsenkirchen. Ukifika utawasikia wazee wa Buer wanasema "naenda Gelsenkirchen" kama wanasafiri.

Sasa safari yako. Ili uone ubaya wake, anzia chini ya ardhi.

Makaa ya mawe huku yamelala mshazari. Kusini, kwenye bonde la mto Ruhr, yaani hapohapo Witten, matabaka yanatokeza juu. Watu wa kale waliyafuata kwa kuingia ubavuni mwa kilima na toroli. Kadiri unavyoenda kaskazini yanazama. Basi uchimbaji ukahama nayo, kutoka mto Ruhr kwenda mto Emscher, kisha kuelekea mto Lippe, na mashimo yakarefuka mpaka yakapita mita 1,000. Miji mingi ikaota kandokando ya mashimo, si kandokando ya soko au kanisa. Ndiyo maana imekaa hovyo.

Reli zikaja kubeba makaa, na zikalala mashariki kwa magharibi. Ile ya kampuni ya Köln-Minden ilifika Dortmund mwaka 1847, nia yao ikiwa kuunganisha Rhine na mto Weser, kwa hiyo walichagua njia ya mkato, tambarare ya Emscher: Oberhausen, Gelsenkirchen, Herne. Essen na Bochum zikarukwa, zikangoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1860 kampuni shindani ilipoleta reli ya kusini. Oberhausen wakati ule haikuwa hata mji. Stesheni ilikuja kwanza ikapewa jina la kasri la jirani, watu wakaja baadaye. Reli hizo mbili ndizo unazopanda leo: treni ya RE1 inafuata ya kusini, ya RE3 ile ya kaskazini.

Kwa hiyo ukienda mashariki-magharibi unateleza. Dortmund hadi Bochum ni kama dakika kumi. Wewe unataka kwenda kusini-kaskazini, na hapo unakata kila kitu kilicholala mashariki kwa magharibi: reli ya kusini, barabara ya A40, reli ya kaskazini, A42, mto Emscher, mfereji wa Rhine-Herne uliofunguliwa 1914. Treni moja ya kukuvusha vyote hivyo kutoka Witten hadi Buer haipo. Utachukua treni hadi Bochum. Hapo utapanda tramu 302, ipite Wattenscheid, ipite stesheni kuu ya Gelsenkirchen, ipite uwanja wa mpira wa Schalke, ndipo ifike Buer. Karibu saa nzima umekaa kwenye kiti. Au uchukue treni ya RB46 inayozunguka kwa Wanne-Eickel, ushuke Gelsenkirchen, halafu tramu ileile. Kwa zamu ya saa 12 utaamka saa 9 usiku. Jumapili sitaki hata kukwambia.

Utauliza mbona tramu haziunganishwi ziwe mtandao mmoja. Mimi niliuliza wiki ya kwanza kazini, wakanicheka. Reli za tramu za Bochum, Gelsenkirchen na Essen zina upana wa mita moja. Za Dortmund na Duisburg ni milimita 1,435. Mülheim, iliyobanwa kati ya Essen na Duisburg, ina zote mbili. Kila mji ulianza kivyake, na hadi leo gari la Dortmund likiletwa Bochum litakaa juu ya lori tu. Siku ukipita chini ya stesheni kuu ya Essen, inama uchungulie njia kabla gari halijafika: utaona reli tatu badala ya mbili. Tramu nyembamba inakanyaga moja ya pembeni na ile ya kati, gari pana linakanyaga mbili za nje. Jukwaa nalo lina sehemu iliyoinuka na sehemu ya chini, kila gari na urefu wake wa ngazi. Ukisimama pasipo pako utalikimbilia gari lako mbele ya watu. Nauli angalau ziliwekwa pamoja tangu 1980, na tiketi ya mwezi ya nchi nzima inafanya kazi kote, treni hizi na tramu. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na imeshapanda, lakini inunue.

Ufa: bibi hakukudanganya. Ardhi yote hii imetolewa matumbo. Kuna sehemu za Essen zimeshuka zaidi ya mita 20 tangu uchimbaji uanze. Chumba changu cha kwanza kilikuwa Altenessen, ghorofa ya pili, na kitunguu kikiniponyoka mezani sikuhangaika kukitafuta, nilikikuta chini ya dirisha, palepale kila mara. Kusini kwenu tatizo ni tofauti kidogo: mashimo ni ya kale, yako karibu na uso, na mengine hayakuwahi kuchorwa na mtu. Januari 2000 huko Wattenscheid ardhi ilifunguka ikameza gereji za watu. Novemba 2013 waligundua mahandaki ya zamani karibu na stesheni kuu ya Essen, treni zikawa zinatambaa kwa wiki kadhaa. Ufa mmoja wa zamani uliokwisha kupakwa rangi juu yake hauna neno. Mwulize bibi kama unakua.

MamaZuhura_van alijibu:

Mzee umemaliza, ila umesahau kumwonya juu ya gari. Dada, atakuja mtu atakwambia nunua kagari kakuukuu, kilomita 25 ni dakika 25. Asikudanganye.

Mimi nasambaza vifurushi, A40 ni ofisi yangu. Wenyewe wanaiita eneo la maegesho refu kuliko yote Ruhr, na hawatanii. Kuna kipande kati ya Essen na Mülheim ambako treni ya mjini U18 inapita katikati ya barabara, njia zake zimewekwa kati ya magari yanayokwenda na yanayorudi. Basi uko kwenye foleni, umezima injini, umechelewa vifurushi 40, na mara unaona U18 inakupita pembeni mwa kioo, watu ndani wamekaa wanasoma simu, mmoja anakula mkate. Kila siku. Kuna mama mmoja mwenye kofia nyekundu nadhani tumeshazoeana.

Mara moja tu barabara hiyo imependeza, nasikia, Julai 18 mwaka 2010: waliifunga kilomita 60 hivi, wakapanga meza upande mmoja, baiskeli upande mwingine, wakaja watu kama milioni tatu. Sikuwepo. Majirani zangu bado wanaionyesha picha.

Jingine: A40 ni mpaka. Kusini yake, kwenye vilima na misitu ya bonde la Ruhr, ndiko wenye uwezo. Kaskazini, kwenye mashimo makubwa yaliyofungwa mwisho, ndiko kodi ya nyumba iko chini. Wewe kazi iko kaskazini na unatafuta chumba kusini. Unalipa zaidi ili uteseke. Tafuta Buer, Erle, Gladbeck, Bottrop.

Kipepeo_wa_Herne alijibu:

Mnamtisha mtoto wa watu. Witten ni pazuri. Nilikaa miaka miwili nikifanya kazi Herne, naenda hadi Bochum kisha treni ya mjini U35, napiga usingizi, nashuka. Inawezekana.

Lakini nikiri: mimi nilikuwa naingia saa 2. Mwezi mmoja walinihamishia zamu ya alfajiri, treni moja ikafutwa, iliyofuata ikachelewa, nikafika mgonjwa wangu wa kwanza ameshaogeshwa na mwenzangu aliyekuwa amemaliza zamu ya usiku. Hakunisemesha wiki nzima. Nikahama.

Kama moyo wako hautaki mbali na miti, angalia mstari wa treni wa S9. Unatoka Essen, unapita Bottrop na Gladbeck, unasimama Buer Nord. Huo ni mmoja wa michache iliyo upande wako.

Chausiku_N aliandika:

Asanteni sana, mmeniokoa. Bibi nimemwambia ukweli, akasema alishangaa tangu mwanzo kwa nini mtu wa Buer anataka kukaa kwake.

Swali la mwisho, msinicheke. Huko kaskazini kwenye migodi, vumbi la makaa je? Nina pumu kidogo. Na huo mto Emscher mliotaja, nimesoma mahali kwamba ni mfereji wa maji machafu. Nikikaa Erle si nitakuwa jirani yake?

Mzee_wa_Karakana alijibu:

Umechelewa kuliona hilo vumbi. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018. Wachimbaji walipanda na pande moja la makaa wakamkabidhi Rais wa nchi, bado wamevaa kofia zao, nyuso nyeusi. Nilitazama kwenye televisheni na wenzangu wa karakana. Wawili baba zao walikuwa wachimbaji. Hakuna aliyesema kitu mpaka matangazo yakaisha.

Emscher ulichosoma ni kweli, lakini kimepitwa na wakati. Kwa zaidi ya miaka 100 ulikuwa mfereji wazi wa choo cha watu hawa wote. Wala si kwamba hawakujua mabomba. Ungezika bomba, ardhi ingeshuka, bomba lingekatika, kwa hiyo uchafu uliachwa uende juu, kati ya kingo za zege, na uzio wa kuzuia watoto. Uchimbaji ulipohama ndipo ikawezekana kuchimbia. Walianza kazi 1992, wakatengeneza bomba kubwa la kilomita 51 chini ya ardhi, na mwisho wa 2021 maji machafu yakaisha mtoni. Nimeshaona kulasitara amesimama mle, tena mahali ambapo zamani ulikuwa unafunga vioo vya tramu ukivuka daraja.

Kitu ambacho hakitakwisha ni pampu. Ardhi imeshuka chini ya usawa wa mito, kwa hiyo maji lazima yasukumwe juu mchana na usiku, na yale ya mashimoni pia, miaka yote. Zikizimwa, mitaa mingi ya kaskazini inakuwa ziwa. Erle ni jirani wa mto, ndiyo, ila utalala salama.

Erle ina tramu 301, moja kwa moja hadi Buer, na mfereji na Emscher vyote unaviacha nyuma yako. Ukipata chumba huko chukua. Ukienda kukitazama, beba kitunguu.

Chausiku_N aliandika:

Nimepata! Erle, dakika nne kwa mguu hadi kituo cha 301. Safari hii mwenye nyumba ni kijana. Nikamwomba kwa video aweke kitunguu sakafuni. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, akasema hana, akaleta kiazi.

Kimeenda taratibu, kikapinda kidogo, kikasimama kwenye mguu wa kabati. Akasema kabati liliwekwa pale kwa sababu hiyohiyo. Nimetuma hela.