Naomba ushauri: wapiga ngoma na zeze darasani, watoto 40 kwa ngoma tano

Wadau, naomba ushauri. Mpiga ngoma na mpiga zeze watafundisha darasa la tatu kwa vipindi sita vya dakika 40, kimoja kila wiki. Mgeni akija siku moja tu, watoto hushangilia, kisha basi.

Shida ni ngoma. Anayesubiri zamu hugonga dawati na mdundo wote unavurugika. Nafikiria makundi manne ya watoto kumi: ngoma (wawili kwa kila moja), makofi, kayamba, kiitikio, wakibadilishana kila dakika saba. Je, dakika saba zinatosha mkono wa mtoto kuuzoea mdundo?

Zeze lina sauti ndogo, kwa hiyo litaanza, watoto wakiwa nusu duara karibu nalo. Ngozi za ngoma zitaanikwa juani mapema, maana unyevu huzilegeza na mlio unakuwa butu.

Jingine: mpigaji hufundisha kwa kutamka mlio, "du" katikati ya ngozi, "ti" ukingoni. Mwalimu wa darasa anataka wahesabu moja hadi nne. Naona matamshi yatangulie, hesabu ije wiki ya tatu. Waliojaribu, mlizipatanisha vipi?