Santuri tano za jazz na jazz ya Kilatini: nimwambie dada anunue zipi?

Jadunga
Wadau, habari za jioni. Dada yangu anakuja Kisumu kutoka London mwezi ujao na amekubali kunibebea santuri tano. Zaidi ya hapo mzigo utamlemea. Nataka jazz na jazz ya Kilatini, za zamani na za sasa. Orodha za mtandaoni nimezisoma mpaka nikachoka, kila moja inasema lake. Nimebaki na hizi: Kind of Blue ya Miles Davis, Time Out ya Dave Brubeck, Getz/Gilberto, Kenya ya Machito na Source ya Nubya Garcia. A Love Supreme ya Coltrane ikiingia, ipi itoke? Anaenda dukani Jumamosi, naomba majibu kabla ya siku hiyo.

Nakuru58
Ndugu, umetuacha gizani. Unapigia mashine gani? Bajeti yako ni ngapi? Utasikiliza peke yako usiku, ama ni za kuwekea wageni? A Love Supreme si ya kupigwa watu wakila samaki. Ni sala yenye sehemu nne, Coltrane na wenzake watatu waliirekodi kwa siku moja Desemba 1964, na ukiiweka inakudai ukae utulie. Mimi naipenda kuliko zote ulizotaja, lakini sitamshauri mtu ainunue kabla sijajua inaenda kwa nani.

NyarUgenya
Kind of Blue isiguswe. Ilirekodiwa kwa siku mbili tu, moja ya Machi na moja ya Aprili 1959, na hadi leo hujachoka kuisikia piano ya Bill Evans ikifungua wimbo wa kwanza. Mwambie dada achukue toleo la karibuni, asihangaike na nakala kuukuu ya bei ghali. Kwenye matoleo ya mwanzo, upande wa kwanza ulitoka ukienda kasi kidogo kuliko muziki ulivyopigwa, kwa sababu mashine ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole siku ile. Ilirekebishwa miaka ya 1990. Ukishikilia nakala ya 1959 utakuwa umelipa pesa nyingi kwa sauti iliyopanda.

Brubeck mwache. Take Five utaipata popote, na hata si yeye aliyeitunga, ni mpiga saksafoni wake Paul Desmond.

Omukhana_Kakamega
Dada NyarUgenya, Time Out ina mengi zaidi ya Take Five. Blue Rondo à la Turk imejengwa juu ya mapigo tisa ambayo Brubeck aliyasikia kwa wapigaji wa barabarani Uturuki. Hilo nimelisema, sasa niende kwangu.

Mbona watu wakisema jazz wanakimbilia 1959? Wanamuziki wanaopiga leo nao wanahitaji kununuliwa. Source ya 2020 ibaki kwenye orodha. Nubya Garcia ana wimbo mle aliopiga na La Perla, wanawake wa Kolombia, na cumbia yao, ngoma ya kwao ya kucheza, inaingia ndani ya saksafoni bila mtu kulazimisha chochote. Ongeza Where I'm Meant to Be ya Ezra Collective, iliyochukua tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya Uingereza, mwaka 2023, mara ya kwanza kwa bendi ya jazz. Humo kuna afrobeat, kuna Kilatini, na besi ambayo kijana wa Kondele hatahitaji kufafanuliwa. Kama unataka utulivu, El Arte del Bolero ya Miguel Zenón na Luis Perdomo, ya 2021. Saksafoni na piano, basi. Bolero za zamani zimepigwa na watu wawili wanaoziheshimu.

KlaveKondele
Nimesoma yote na naona tunamchagulia Jadunga kama vile hana masikio yake mwenyewe. Huyu ni mtu wa Kisumu. Hata kama hajawahi kununua jazz, amekua akisikia rumba ya Kongo kwenye matatu, kwenye harusi na kwenye matanga. Sikio la namna hiyo tayari limeshapita nusu ya njia, na halifai kuanzishwa na yale ambayo jarida la New York linaona ni makubwa. Lianzie linapopajua.

Rumba ya Kongo ilipata sehemu kubwa ya umbo lake kutokana na santuri za Kuba za mfululizo wa GV, ambazo kampuni ya HMV ilianza kuuza Afrika miaka ya 1930. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, na Brazzaville walisikia son, muziki wa dansi wa Kuba, wakaitambua, kwa kuwa damu yake ilitoka huku huku. Vile vijiti viwili vinavyogongwa, klave, vina mapigo matano: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili. Ukiusikia mpigo huo kwenye gitaa la rumba, umeshashika mfupa wa jazz ya Kilatini yote.

Kwa hiyo Machito aende mbele ya wote. Bendi yake ilianza New York mwaka 1940, na shemeji yake Mario Bauzá ndiye aliyetoa Tanga mwaka 1943, wimbo ambao wengi wanaanzia kuhesabu jazz ya Kiafro-Kuba. Albamu ya Kenya ilirekodiwa mwishoni mwa 1957. Jina lisikudanganye, hakuna wimbo wa kwetu mle, na wakati huo sisi bado tulikuwa chini ya Mwingereza na hali ya hatari haijaondolewa. Lakini sikiliza tarumbeta zinavyokata juu ya konga, halafu anaingia Cannonball Adderley na saksafoni ya alto. Ni Adderley yule yule utakayemsikia kwenye Kind of Blue. Nunua hizo mbili pamoja uweke moja baada ya nyingine. Kwa Machito anapanda juu ya mawimbi ya ngoma, kwa Miles anaachiwa nafasi tupu aijaze mwenyewe. Sijui somo la jazz linaloshinda hilo.

Ya pili ni El Sonido Nuevo ya 1966, Cal Tjader na Eddie Palmieri. Vibrafoni, ile ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa, na piano, na kila mmoja anampisha mwenzake. Palmieri alituacha Agosti 2025, na kwangu bado ni msiba.

Getz/Gilberto ni nzuri lakini ni bossa nova ya Brazili. Klave ya Kuba huipati humo.

NyarUgenya
KlaveKondele, hapo kwa Getz/Gilberto sikubali. Duka lolote litaiweka rafu moja na Tito Puente, mkubwa wa ngoma za Kilatini wa New York. Ilipewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, na watu wengi walisikia jazz yenye sauti ya Amerika ya Kusini kwa mara ya kwanza kupitia Astrud Gilberto. Mtu akija kwangu na hajui lolote, hiyo ndiyo nampigia. Haijawahi kumfukuza mgeni.

Nakuru58
Na Jadunga bado hajatujibu. Mashine gani?

Jadunga
Samahani wadau, nilikuwa kazini. Santuri ni za baba. Amestaafu, yuko nyumbani Seme, na kila Jumapili anasema angependa kusikia muziki "wa kupulizwa" vile walivyokuwa wakisikia kwenye redio ya mzungu aliyemwajiri akiwa kijana. Rumba anaijua yote, Franco anaweza kukuimbia mstari kwa mstari. Bajeti ni shilingi elfu ishirini na tano, na dada anasema nakala mpya huko ni kati ya paundi 25 na 35. Pleya bado sina. Kuna jamaa wa Eldoret anauza iliyotoka Marekani, bei si mbaya, nilikuwa nimtumie pesa wiki hii.

FundiKibuye
Jadunga, usitume hata senti. Ngoja nikueleze.

Ndugu yangu aliye Marekani alimnunulia mama pleya ya zamani, nzito, yenye mbao nzuri, ya mkanda. Muuzaji wa huko akamhakikishia kwamba inafanya kazi popote duniani. Ilipofika nikageuza nyuma, kibati kinasema volti 120, hezi 60, yaani mara ambazo stima inageuka kwa sekunde. Sisi tuko 240 na hezi 50. Nikasema volti si tatizo, nikaweka transfoma ya kushusha. Ikawaka vizuri, taa nyekundu, sahani ikazunguka. Mama akatoa santuri aliyoitunza tangu ujana wake, tukashusha sindano. Mwimbaji akatoka na sauti ya mzee mgonjwa. Mama aliuliza kama santuri imeharibika, na aliumia sana kwa sababu ile nakala ilikuwa ya marehemu baba.

Santuri ilikuwa nzima. Transfoma inabadilisha volti lakini haigusi hezi, na mota za aina ile zinafuata hezi za stima. Ukitoka 60 kwenda 50 umepoteza sehemu moja ya sita ya mwendo. Sahani ya mizunguko 33 kwa dakika inazunguka kama 28. Hakuna kifundo cha kurekebisha. Kuna modeli ambazo kiwanda kiliziundia puli ya hezi 50, nikaitafuta Kisumu, nikaitafuta Nairobi, nikaagiza kwa mtu mtandaoni aliyechukua pesa akanyamaza. Mwishowe niling'oa mota yote nikafunga ya DC yenye kidhibiti cha mwendo. Sasa inapiga sawasawa, ila kazi na vipuri vimegharimu kuliko pleya mpya.

Kwa hiyo muulize huyo wa Eldoret akupigie picha ya kibati cha nyuma. Kikiwa na 120V 60Hz peke yake, achana naye. Zile mpya zinazotumia adapta ya DC hazina shida hiyo, unabadilisha adapta tu. Na kwa nini usimwambie dada aulizie London? Stima ya Uingereza ni hezi 50 kama yetu, na hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu.

Nakuru58
Fundi, Mungu akubariki. Niongeze kwamba zile pleya za mkoba wa rangi rangi ziepukwe, nyingi sindano yake inakanyaga santuri kwa uzito mkubwa. Na santuri zibebwe kwenye mkoba wa mkononi zikiwa zimesimama. Akitua Kisumu asiziache ndani ya gari juani, zitapinda hata kabla hajafika Seme.

Sasa nimejua ni za mzee, nabadilisha. Coltrane asubiri. Mzee anayemjua Franco mpeni Machito na Dance Mania ya Tito Puente, ya 1958.

Omukhana_Kakamega
Mzee pia ana haki ya kusikia kitu kipya. Asidhaniwe amekwama 1958.

Seme_Kae
Mimi naona mnahangaika bure. Baba Jadunga jazz anayo. OK Jazz ya Franco, African Jazz ya Kallé, Shirati Jazz ya Misiani. Mwekeeni hizo afurahi.

KlaveKondele
Omera, Shirati ni benga. Neno "jazz" lilikuwa la heshima kwa bendi, lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa. Mwenyewe amesema anataka muziki wa kupulizwa, na Misiani hakuwa na tarumbeta.

Seme_Kae
OK Jazz walikuwa na saksafoni. Verckys alipuliza nini, filimbi? Na kama mnasema rumba na Machito ni mama mmoja, kwa nini mmoja aitwe jazz na mwingine asiitwe? Ni kwa sababu mmoja alikuwa New York?

KlaveKondele
Hilo swali ni zito na sitalipuuza. Tofauti ninayoisikia ni kwamba kwa Machito anayepiga solo anaruhusiwa kuvunja wimbo na kuujenga upya, mapatano ya sauti yanabadilika chini yake, njia ya bebop, ile jazz ya kasi ya miaka ya 1940. Kwa Verckys saksafoni inaimba juu ya sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, na wachezaji hawapotezi hatua. Zote ni kazi ngumu. Sisemi moja iko juu.

NyarUgenya
Na Mulatu Astatke mnamweka wapi? Alikuwa New York mwaka 1966 akatoa Afro-Latin Soul, vibrafoni na konga, halafu akarudi na ngazi za sauti za Ethiopia. Mulatu of Ethiopia ya 1972 imechapishwa upya, dada ataipata London bila taabu. Jirani yetu kabisa, na hakuna aliyemtaja.

Omukhana_Kakamega
Huyo naunga mkono kwa mikono miwili. Toeni Brubeck aingie Mulatu. Na Source ibaki, sitachoka kusema.

Jadunga
Asanteni sana. Machito na Kind of Blue nimeshamwandikia dada. Tatu zilizobaki bado sijui, nikisoma Getz/Gilberto naona NyarUgenya ana haki, nikisoma Palmieri naona hivyo hivyo. Jamaa wa Eldoret ametuma picha, kibati kimefutika maandishi. Fundi, nikipata pleya ya London, nitahitaji stabilaiza? Stima ya Seme inapanda na kushuka, hasa mvua ikinyesha.

FundiKibuye
Maandishi yaliyofutika usiyanunue. Stabilaiza nunua, lakini ya pleya na amplifaya ikae mbali na ya friji. Amplifaya ni ya wati ngapi? Na spika unazo?